Jibu kwa msimamizi mpya wa godauni Shimanzi, Mombasa

Ndugu yangu, umesema umefanywa msimamizi wa makuli waliokuzidi umri, na rafiki yako anakushauri uwafokee mapema wajue dume ni nani, eti ndivyo mbwa mwitu waishivyo. Huyo rafiki kachelewa na habari. Dhana hiyo ilitokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. Mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947, baada ya kuwaangalia kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Mtafiti mwingine, David Mech, aliyeieneza dhana hiyo kwa kitabu cha 1970, mwaka 1999 akaandika kwamba porini kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wanaongoza kwa kuwa ni wazazi, basi.

Kuku ndio hasa wenye daraja za kudonoana, yaani nani amdonoe nani. Mtafiti wa Norway, Schjelderup-Ebbe, alizieleza miaka ya 1920. Lakini binadamu hupanda kwa njia mbili: kuogopwa, au kufuatwa kwa ujuzi wake. Anayeogopwa hufichwa mambo. Shehena ikilowa, wewe utajua mwisho.

Kwa hiyo yule mzee anayejua kupanga magunia yasiporomoke, muulize mbele ya wenzake. Shikamoo yake mpe kama zamani (cheo hakikuondolei adabu, hasa huku kwetu Pwani). Anayechelewa mwite kando. Akikutolea ufedhuli hadharani, mjibu papo hapo, kwa sauti ya chini. Na zaidi ya yote, daftari la malipo ya kutwa liandike sawasawa, wakikuona.