Kuku wapole kwa baridi ya Nairobi: angalia miguu kabla ya rangi

Juni ikikaribia, majirani huniuliza swali lilelile: ni kuku gani atastahimili baridi ya hapa, na awe mpole maana nyumbani kuna watoto? Wengi wanakuja wakiwa wameshasoma orodha zilizoandikwa Marekani au Kanada. Orodha hizo si za uongo, ila zinajibu shida ya watu wengine. Kule Quebec walizalisha kuku aitwaye Chantecler, mwenye kilemba kidogo sana, kwa sababu barafu ya kwao huweza kugandisha kilemba kikubwa hadi kife. Sisi hatuna barafu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai nyuzi hushuka hadi 10 au karibu na hapo. Kuku mzima mwenye mwili wa nyuzi 41 na manyoya makavu hapotezi usingizi kwa baridi hiyo.

Kinachomtesa kuku wa Nairobi ni unyevu. Kuna matope ya masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha manyunyu na mawingu ya Juni na Julai, na upepo unaopenya chini ya mabati. Sisi wa Uthiru na Kinoo tunapata ukungu mwingi kuliko wa Ruai, lakini wa Ruai nao wana ule udongo mweusi unaonata kwenye kila kitu. Kwa hiyo mimi nikimtazama kuku wa kununua, naanza na miguu.

Brahma ni mfano mzuri. Ni kuku mkubwa, mtulivu ajabu, mtoto anaweza kumbeba naye akatulia tu. Kwenye orodha za nchi za baridi hakosi. Lakini ana manyoya hadi vidoleni, sawa na Cochin. Katika uwanja wa udongo msimu wa mvua, manyoya yale hubeba matope, hukauka yakawa mabonge, na usipoyaosha na kuyakausha vidole huumia. Silkie, yule mwenye manyoya kama pamba, ndiye kipenzi cha watoto kuliko wote, na manyoya yake hayazuii maji hata kidogo. Mvua ikimkuta nje analowa hadi ngozi. Kama una uwanja wa simenti au banda pana lenye paa, wafuge hao, na utafurahi. Kama una udongo mtupu nyuma ya nyumba, waache. Bei yao pia ni ya kuku wa mapambo, na mayai si mengi.

Chaguo langu la kwanza kwa familia ni Sussex, hasa yule mweupe mwenye kola nyeusi shingoni. Miguu yake haina manyoya, mwili umejaa, na ana udadisi: ukikaa nje na bakuli la mchele atakuja kuchungulia bila kuitwa. Hutaga vizuri, na hana tabia ya kuruka ua. Plymouth Rock, yule wa mistari ya kijivu, yuko karibu naye sana kwa upole. Australorp mweusi naye ni mtulivu na mtagaji hodari. Australia walimpata kutokana na Orpington, kuku wa Uingereza, na miaka ya 1920 koo mmoja wa huko aliandikwa kuwa ametaga mayai 364 kwa siku 365. Wako usitarajie hivyo.

Rhode Island Red ndiye rahisi kumpata hapa kati ya hawa wa kigeni. Mitetea yake ni imara, haichagui chakula, hutaga hata siku za mawingu. Jogoo wake ni habari nyingine. Wengi ni wakali, na mtoto wa miaka mitatu macho yake yako karibu kabisa na urefu ambao jogoo hurukia. Mayai hayahitaji jogoo, na jirani wa ghorofani hahitaji kuamshwa saa kumi usiku. Kwenye ploti ya mjini mimi sifugi jogoo, na sioni hoja ya kunibadilisha.

Hapo ndipo kuku wa KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, yaani kienyeji walioboreshwa kutoka Naivasha, wanapohitaji hesabu. Ni kuku wazuri kwa hali yetu, wagumu, wenye mayai ya kutosha, na bei yake mzazi wa kawaida anaimudu. Ila vifaranga wake kwa kawaida huuzwa bila kutenganishwa, hivyo karibu nusu watakuwa majogoo. Waambie watoto mapema kwamba baadhi yao ni wa sufuria ya Krismasi, na usiwaruhusu kuwapa hao majina. Kuroiler, aliyetoka India, hukua haraka na ni mtulivu kiasi, lakini anakula sana, na huyo namwona wa nyama zaidi kuliko wa kukaa na watoto. Kienyeji wa asili anaishi popote na huatamia vizuri, ila mara nyingi ni mwoga wa watu. Kuchi wa pwani, wenye miguu mirefu na manyoya haba, ni kuku wa vita. Hawafai hapa wala hawafai kwa watoto. Wale wa shingo uchi na wale wa manyoya yaliyojikunja pia waachie sehemu za joto.

Upole wenyewe hauji wote na mbegu. Tembe aliyezoea mkono tangu akiwa mdogo hukua akikufuata. Watoto wangu niliwafundisha kuchuchumaa, kunyoosha kiganja chenye mahindi yaliyopondwa, na kungoja. Kukimbiza ni marufuku. Ukitaka kumshika kuku kumkagua, subiri giza liingie, hapo hana mbio. Na kila baada ya kuwashika, mikono kwa sabuni, hakuna kubusu kuku, kwa sababu kuku mwenye afya anaweza kubeba salmonela bila dalili yoyote.

Banda sitalisemea mengi. Sakafu iwe juu ya ardhi au yenye maranda makavu, fito za kulalia ziwe pana ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole. Julai watu huziba kila tundu kwa nailoni, na hiyo ndiyo inayoleta makamasi na kukoroma. Acha nafasi ya hewa juu, chini ya paa, upepo usiwapige wakiwa wamelala. Ukifungua mlango asubuhi na harufu ya mkojo ikakuchoma pua, hewa haitoshi.

Baridi ya hapa inaua vifaranga, na kwa hilo wakati wa kununua una uzito kuliko aina. Wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na hupunguzwa taratibu kila wiki hadi manyoya yajae. Umeme ukikatika usiku wa Julai utajikuta na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, jambo la hatari kwa vifaranga na kwa watu waliolala nyumba hiyo. Familia inayoanza inunue kuku wa mwezi mmoja au zaidi, wakati wa Februari au Machi, waingie msimu wa baridi wakiwa na manyoya kamili. Ama ingoje Septemba.

Muombe muuzaji akuonyeshe kuku wazazi, kwa sababu kuna machotara mengi yanayouzwa kwa jina la Sussex au Orpington. Muulize amewachanja lini dhidi ya magonjwa ya kideri na Gumboro. Kideri utarudia mwenyewe kila miezi mitatu hivi, chanjo ziko agroveti. Akisitasita kwenye tarehe, mshukuru uondoke. Wauza kuku mjini ni wengi.