Bado daktari ndiye anayeamua

Umeuliza kama akili mnemba ndiyo sasa inaamua nani apewe kiungo cha kupandikizwa, kama ini. Bado. Foleni ya ini kule Marekani imekuwa ikipangwa kwa alama za MELD tangu 2002: mgonjwa mwenye alama nyingi ndiye mgonjwa zaidi, na hutangulia. Nayo ni hesabu ya kawaida tu ya vipimo vya damu kama bilirubini (huonyesha hali ya ini) na kreatinini (taka itokayo kwenye misuli, ambayo figo huichuja). Hapo hakuna mashine inayojifunza.

Utafiti unaonivutia uko kwingine: mafuta kwenye ini la mchangiaji, ambayo yakizidi ini huenda lisifanye kazi vizuri likishapandikizwa. Daktari mpasuaji hulitazama, hulibonyeza kwa kidole, kisha hukadiria. Pengine ni usiku wa manane, na ini haliwezi kusubiri. Watafiti wanafundisha programu kukadiria mafuta hayo kutokana na picha, na hilo naliona lina maana.

Ninachoogopa ni data za zamani. Wanawake wengi wana misuli kidogo kuliko wanaume, hivyo kreatinini yao huwa chini hata wakiwa wagonjwa sana, na MELD ikawa inawapunja alama hadi toleo jipya, MELD 3.0, lilipowaongezea mwaka 2023. Ukiifundisha mashine kwa kumbukumbu za miaka hiyo, itajifunza na upunjaji wenyewe.