Kwa nini Katniss alimpiga mshale Coin

Dada, umeuliza kwa nini mwishoni mwa riwaya ya Mockingjay (2010) ya Suzanne Collins, Katniss, msichana aliye sura ya uasi, anamwacha Snow, rais dhalimu wa Capitol, jiji linalozitawala wilaya, na kumpiga mshale Coin, kiongozi wa waasi, na ukasema kitabu kimeharibikia hapo. Mie naona hapo ndipo kilipokamilika.

Rudi kwenye mabomu ya miavuli midogo ya fedha yaliyoangushwa na ndege. Watoto wananyoosha mikono wakidhani ni zawadi, mingine inalipuka. Watabibu wanakimbilia kuwaokoa, ndipo inalipuka iliyobaki, na Prim, mdogo wake Katniss, anafia hapo. Mtego wa namna hiyo Gale, rafiki wa Katniss, na Beetee, fundi wa silaha, walikuwa wakiuchora Wilaya ya 13, ngome ya waasi, upande wa Coin! Snow naye anamwambia Katniss kuwa angekuwa na ndege angeitumia kukimbilia, yaani mabomu yale si yake.

Halafu sura ya 26, Coin anawapigisha kura washindi waliobaki: ifanywe Michezo ya Njaa ya mwisho, yale mashindano ya watoto kuuana waliyoyashinda wao, safari hii kwa watoto wa Capitol. Hata kiti hakijapata moto, keshataka kuirudisha dhulma ileile. Katniss anakubali, kwa ajili ya Prim, na vijana wengi wa skuli hapa Unguja ninaoazimana nao vitabu hukwama kwenye hiyo kura. Nnavyoisoma mie, alikuwa akimtuliza Coin asishtuke.

Kuhusu Peeta, mpenzi wa Katniss, nakubaliana nawe, mambo yao yamekwenda mbio mno, ingawa ule mchezo wao wa kweli au si kweli, Peeta akimuuliza Katniss kumbukumbu zipi ni za kweli, ulinitoa machozi. Ukitaka kukisoma tena, nakala yangu ipo, Ijumaa nitakuwa Darajani.