Kama umeombewa na bado unaumwa, soma hapa

Juzi dada mmoja kanitumia meseji ndefu, anasema ameombewa mpaka amechoka na ugonjwa uko palepale, sasa wenzake kwenye kikundi cha maombi wameanza kumwambia imani yake ndogo, na kuna aliyemuuliza kabisa ni dhambi gani anaificha. Jamani! Hayo maneno nayajua, nilishaambiwa na mimi.

Nilikuwa naumwa vidonda vya tumbo, ile ya kuamka usiku tumbo linawaka, umejikunja umelibana na mto unasubiri kukuche. Kwenye maombi kiongozi mmoja (simtaji) akaniambia mbele za watu nitoe vidonge kwenye mkoba niviache madhabahuni, eti ndivyo vinavyomzuia Mungu. Nikaubana mkoba kwapani nikakataa. Walinitazama kama mimi ndo Yuda, na wengine mpaka leo tukipishana wanaangalia pembeni, sitadanganya, bado inaniuma. Ila dozi nilimaliza, nameza huku naomba, nikapona, na utukufu nikampa Mungu wote.

Sasa hao wenye kupima imani za watu huwa wanasoma Biblia gani? Paulo, ambaye hata leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anamwambia Timotheo, kijana wake wa huduma, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23, na msije mkasema nimewatuma baa). Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha mji wa Mileto anaumwa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake wa mwilini, yaani taabu iliyokuwa inamtesa, utoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha." Mfalme Hezekia kaongezewa miaka 15 na bado nabii Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake.

Halafu yule mgonjwa wa kwenye birika la Bethzatha, Yohana 5, miaka 38 anaumwa. Yesu akamponya na jamaa hakujua hata aliyemponya ni nani! Imani yake kubwa ilikuwa wapi hapo? Ilikuwa huruma tu ya Bwana, basi.

Mimi ninayempenda zaidi ni yule mwenye ukoma wa Marko 1. Alisema "Ukitaka, waweza kunitakasa," yaani uwezo anauamini ila hana uhakika kama Yesu atataka. Na Yesu hakumhoji, alimhurumia, akanyosha mkono, akamgusa angali na ukoma wake vilevile, ndipo akamwambia takasika. Mtu ambaye watu walikuwa wanamkimbia, kaguswa kabla hajapona. Wapendwa, hapo ndipo tunapokosea, tunataka mtu apone kwanza ndo tumkaribie, akichelewa kupona tunamgeuzia kesi! Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wamwombee na kumpaka mafuta, haijasema wamfanyie mahojiano.

Kwa hiyo dada yangu, dawa usiache, klinik usikose. Omba kama ulivyo, ukiwa umechoka mwambie Mungu umechoka, ukiwa na hasira mwambie, Zaburi zimejaa watu wa hivyo. Hicho kikundi kipumzishe kwanza, nakwambia kwa upendo, na tafuta hata mtu mmoja wa kukusindikiza hospitali akae na wewe kwenye foleni bila kukuhubiria. Majibu ya vipimo yakitoka niandikie, na yakiwa mabaya niandikie pia, tutaomba.