Jiolojia Uingereza: tunakaribishwa, ila kubaki ndiyo shughuli

Wadogo zangu mnaomaliza shahada ya jiolojia, mmeniuliza kama mtu mweusi anakaribishwa kweli kwenye idara za sayansi ya dunia huku Uingereza, au haya matangazo ya usawa na ujumuishi ni ya kupigia picha tu. Sitazunguka. Kukaribishwa utakaribishwa. Shughuli ni kubaki.

Matusi ya waziwazi sijayasikia idarani. Kinachochosha ni mambo yaliyopangwa zamani na watu wa aina moja kwa ajili ya watoto wao. Chukueni mfano wa fildi, yaani kutoka darasani kwenda kusoma miamba huko ilipo. Fildi inataka mabuti ya maana, koti lisilopenya maji, begi la mgongoni. Wenzako wamekua wakipanda milima na wazazi wao, vifaa wanavyo. Wewe unanunua vyote kwa mpigo kabla hela ya ufadhili haijaingia. Nauli nayo mara nyingine unatoa mfukoni ili urudishiwe baadaye, na hiyo baadaye ya wahasibu wa chuo haina haraka.

Jioni watu wanaingia baa. Huko ndiko profesa anapomdokeza mwanafunzi kwamba mwakani kutakuwa na nafasi ya utafiti. Hakuna aliyekufukuza, lakini kama hunywi na umebaki chumbani kuswali, habari inakufikia nafasi imeshapata mtu.

Halafu kuna suala la kuonekana. Siccar Point, pwani ya mashariki ya Uskoti, ndipo mwanajiolojia Mskoti James Hutton alipoona mwaka 1788 mwamba mwekundu wa mchanga umelala juu ya miamba ya kijivu iliyosimama wima, akapata ushahidi kwamba umri wa dunia ni mkubwa mno. Nilipokwenda pale na kundi nilikuwa mwanafunzi kama wengine. Nilipobaki peke yangu kuchora ramani ya miamba bondeni, nikawa mtu mweusi mwenye nyundo. Sheria ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita mashambani kwa miguu, lakini mzee mmoja alisimamisha trekta na kunihoji natafuta nini, akarudia swali kana kwamba sijajibu. Mwenzangu Mwingereza, ng'ambo ya kilima hichohicho, alipungiwa mkono.

Kilichonisaidia kuliko semina zote za ujumuishi ni koti lenye nembo ya chuo, barua ya kuwaonyesha wenye mashamba, na ruhusa ya kufanya kazi wawili wawili. Ni vitu vya bei ndogo, na hata hivyo ilibidi tuviombe.

Tangu 2020 idara nyingi zimeunda kamati za ujumuishi. Yule mweusi mmoja wa idara anaingizwa katika kila kamati, bila malipo, huku wenzake wakiandika makala zitakazowapandisha cheo. Huko Marekani, Rachel Bernard na Emily Cooperdock walichapisha mwaka 2018 hesabu za shahada za uzamivu katika sayansi ya dunia: kwa miaka 40 uwakilishi wa watu weusi na wa jamii nyingine zilizoachwa nyuma ulikuwa haujasogea. Kwa hiyo idara ikinionyesha bango, mimi nauliza bajeti. Inalipia fildi mapema? Inaazimisha mabuti? Kazi za kiangazi zinatangazwa, na zina mshahara?

Msidhani kuwekwa pembeni huku ni jambo la ng'ambo peke yake. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kule Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909, kisha Waingereza wakaja miaka ya 1920. Msimamizi wa wachimbaji wa Wajerumani alikuwa Boheti bin Amrani. Dinosaria mmoja wa pale alikuja kupewa jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu karne nzima! Hadi leo wapo watafiti wanaokuja Afrika, wanabeba sampuli, na aliyewaonyesha jiwe anaishia kwenye shukrani mwishoni mwa makala. Ukija kusoma huku, utakaa meza moja na watu hao, na usiogope kuuliza jina la mwenyeji liko wapi.

Sasa, mnaotaka kuomba. Tangu 2021 wanafunzi wa nje wanaruhusiwa kushindania ufadhili wa uzamivu wa mabaraza ya utafiti ya serikali, ila nafasi zao zimewekewa kikomo cha asilimia 30, kwa hiyo mchujo ni mkali. Kabla ya kuomba mwandikie profesa unayetaka akusimamie, umuulize nani analipa fildi na lini, kisha uombe mawasiliano ya mwanafunzi wake mmoja aliyetoka nje ya Uingereza. Huyo mpigie simu, msiandikiane. Kwa maandishi kila mtu ni balozi wa chuo chake.