Gari la kuachwa Tanga miaka miwili

Dada, kama IST yako itabaki uani kwa mama Tanga wakati wewe uko Muscat kwa mkataba wa miaka 2, cha kuogopa ni chumvi ya bahari na panya. Mimi niliporudi safari nilifungua boneti nikakuta kiota cha sponji ya siti juu ya betri, na nyaya zimetafunwa hadi shaba inaonekana. Iliniuma sana.

Lioshe vizuri, hasa chini ya uvungu, likauke kabisa ndipo ulifunike kwa kava la kitambaa. Turubai la nailoni hapana, linafungia unyevu. Mwaga oili kuukuu, weka mpya. Usivute hendibreki, itagandana. Weka gia kwenye P (ya kuegesha), na matofali kwenye matairi.

Muhimu zaidi, mtafute ndugu mwenye leseni aliendeshe nusu saa kila wiki 2, na bima isikatike. Kuliwasha dakika 5 tu hapo uani kunamaliza betri na kuacha maji kwenye ekzosi. Ukikosa mtu, chomoa waya wa hasi wa betri, na petroli usiiache imo miaka yote hiyo, inaharibika.