Ukinzani sawa, lakini hiyo "kwa saa" imetoka wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Juzi nilikuwa namwelekeza binti yangu wa kidato cha tatu hesabu ya umeme. Betri ya volti 12 imeunganishwa na taa, mkondo unaopita ni ampea 2. Atafute ukinzani wa taa na nguvu yake. Kitabu ni cha Kiingereza, nami namfafanulia kwa Kiswahili. Mimi nilisema "upinzani", mama yake akasema "ukinzani", na fundi aliyekuwa anatutengenezea feni akacheka, akasema neno ni "rezistansi". Mwishowe tulipata wati 24 kwa saa. Nani yuko sahihi? Mzazi, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Mama yake yuko sahihi, na ungemsikiliza tangu mwanzo ungeokoa bando lako. Ukinzani unatokana na kitenzi kukinza, yaani kuzuia, kwenda kinyume. Upinzani nao ni wa kupinga, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 neno hilo lina kazi nyingine bungeni. Waya haupingi mswada. Unakinza mkondo tu, kimyakimya, na kupata joto. Gawanya volti 12 kwa ampea 2, unapata omu 6, kama Mjerumani Georg Ohm alivyotufundisha mwaka 1827. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye maneno mawili uliyoyapitisha mwishoni kama magendo: "kwa saa".

Wati 24, mzee wangu. Basi. Volti 12 mara ampea 2 ni wati 24, nukta, funga daftari. Saa hukupewa kwenye swali, wala hukuitumia kwenye hesabu. Umeitoa wapi? Ninajua ulikoitoa: kwenye taarifa ya habari. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Hesabu safi kabisa, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Lakini nimemsikia kwa masikio yangu msomaji wa habari, sauti nzito, tai imekaa vizuri, akitutangazia "megawati 2,115 kwa saa". Kwa saa! Na saa ya pili je, zinakuwa 4,230? Kama ndivyo, tuiache mitambo izunguke usiku kucha, tuamke asubuhi tukute megawati elfu ishirini na tano zimerundikana uani kama magunia ya mkaa.

Wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Ile "kwa" unayoitafuta imo tayari ndani ya wati. Ukiongeza nyingine, umefanya kama kondakta anayejisifu kwamba basi lake linakwenda kilomita 80 kwa saa kwa saa. Wanafizikia wana jina la kitu hicho, wanakiita mchapuko, na abiria wana jina lake pia, ila halichapishiki hapa.

Chukua pasi yako ya nyumbani, ile ya wati 1,000. Kwenye volti 230 inavuta ampea 4.3 hivi, maana ukinzani wake ni omu 53 hivi. Inapowaka ni wati 1,000 dakika ya kwanza, na ni wati 1,000 dakika ya arobaini. Haingoji saa itimie ndipo iwe na wati zake. (Kama inajizima na kujiwasha yenyewe, hilo ni jambo la dobi, tusiliingize.) Ikiwaka saa nzima, inameza kilowatisaa moja, ndiyo uniti moja kwenye LUKU yako. Ikiwaka nusu saa, nusu uniti. Umezidisha wati kwa muda, hukugawanya.

Najua wakili wa utetezi atasimama hapo. Atasema: Mwalimu, mbona chumba ni "futi kumi kwa kumi na mbili", na hapo tunazidisha? Kwa nini "kilowati kwa saa" isiwe vivyo hivyo? Hoja nzuri, nakiri ilininyima usingizi siku moja. Lakini sikio la Mswahili, likishasikia "kwa" ikifuatwa na saa, siku au mwezi, linagawa. Laki nne kwa mwezi. Vidonge vitatu kwa siku. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuzidisha, na kama yupo, hakurudi kutusimulia. Ndiyo maana nasema kilowatisaa, neno moja, kama tulivyounda kanieneo na isimujamii bila mtu kuzirai. Na yule msomaji wa habari za bwawa hana hata utetezi huo, kwa sababu alichotaka kusema ni megawati tupu.

Kuhusu "nguvu", nimechoka kupigana. Neno lenyewe limechoka zaidi yangu: linabeba misuli, madaraka, na yale matangazo ya dawa kwenye nguzo za umeme. Kwa kinachosukuma na kuvuta tunayo kani, itumieni. Kwa kinachopimwa kwa wati, nguvu ya umeme inatosha. Kinachopimwa kwa uniti, unachokinunua kwa simu usiku wa manane taa zikizimika, ni nishati; ndugu zetu wa Kenya wanakiita kawi, nao hawajakosea.

Mwambie binti aandike omu 6 na wati 24. Mwalimu wake akiuliza taa hiyo ikiwaka kwa muda wa saa tano itatumia kiasi gani, ajibu watisaa 120. Hapo ndipo saa inapopata mwaliko. Fundi naye mlipeni. Feni ikizunguka, mwacheni na rezistansi yake.